Kasha la Kioo la Kuwekea Vitu vya Pwani

Leo twazungumza juu ya kazi ya seremala, lakini si kazi ya kitanda wala ya mlango. Twataka kueleza namna ya kuunda kasha la kioo, yaani kasha pana lisilo na kina kirefu, lenye mfuniko wa kioo, ambalo ndani yake huwekwa vitu vidogo vya kutazamwa: makombe, kauri, mbegu, sarafu za zamani na mfano wa hivyo. Tumeichagua Mkokotoni iwe mfano wetu kwa sababu mbili. Ya kwanza, pwani yake haipiti mtoto asiokote kitu. Ya pili, hewa ya pwani ile ina chumvi na unyevu, na hivyo viwili ni adui wa kasha na wa kilichomo. Atakayeunda kasha la kudumu Mkokotoni ataweza kuliunda mahali po pote.

Mtu asidhani kuwa kuweka vitu vizuri mahali pa kutazamwa ni desturi tuliyoletewa na wageni. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate, mafundi wa zamani walijenga zidaka katika ukuta wa chumba cha ndani, navyo ni vijishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu, na humo wenye nyumba waliweka sahani na bakuli za Kichina. Huko Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, bakuli kama hizo zilitiwa katika chokaa ya nguzo za makaburi. Na hapa Unguja mjini, nyumba ya Beit el Amani ilifunguliwa mwaka 1925 kuwa makumbusho, na wanafunzi wengi waliona humo kwa mara ya kwanza kitu cha kale kimelazwa chini ya kioo. Basi kasha letu ni mdogo wake zidaka, tena lina faida moja ambayo zidaka hazina: laweza kufungwa.

Mkokotoni iko kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Unguja, ikielekeana na kisiwa cha Tumbatu. Jina lake lenyewe latukumbusha mikoko. Watu huijua kwa samaki wake na kwa mashua zivushazo abiria kwenda Tumbatu, lakini chini ya minazi yake mna mabaki ya makao ya kale. Yakut al-Hamawi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1229, aliandika katika kitabu chake cha nchi na miji kwamba watu wa Unguja walikuwa wamehamia kisiwa kiitwacho Tumbatu, na kwamba watu wa kisiwa hicho walikuwa Waislamu. Magofu ya mji huo yangaliko Tumbatu, na Mkokotoni ilikuwa mwenziwe ng'ambo ya pili ya maji. Bwana F. B. Pearce, aliyekuwa Mkazi wa Kiingereza hapa Unguja, aliandika habari za magofu hayo katika kitabu chake cha mwaka 1920, na baada yake wamekuja wachimbaji wa mambo ya kale wenye ujuzi zaidi. Ndiyo sababu katika pwani ile, mahali ambapo bahari yala ukingo, mtu huweza kuona kigae chenye rangi ya kijani, au ushanga wa kioo usiozidi punje ya mtama.

Je, vitu viokotwavyo na watoto huishia wapi? Huishia katika kopo la maziwa chini ya kitanda. Humo kombe la Mkokotoni hugongana na kombe la Nungwi, na sarafu ya babu hukwaruzwa na msumari, na baada ya mwaka hakuna ajuaye kipi kilitoka wapi. Kitu kisichojulikana kilikotoka ni bubu. Tutaeleza kwa mfano. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, zilipatikana sarafu ndogo za fedha zaidi ya elfu mbili, na pamoja nazo sarafu chache za dhahabu. Zile za fedha zilikuwa na majina ya watawala lakini hazikuwa na mwaka. Baadhi ya zile za dhahabu zilikuwa na mwaka, nao ulikuwa wa karne ya 11. Kwa kuwa zote zilikutwa mahali pamoja, za dhahabu zilitoa ushahidi kwa ajili ya za fedha. Lau zingaligawanywa, huyu kachukua kumi na yule ishirini, ushahidi huo ungalipotea, na fedha ile ingalibaki fedha tu.

Kwa hiyo, kabla ya kushika msumeno, yafaa tujue ni vitu gani vina haki ya kuingia katika kasha letu. Makombe na kauri tuokote yale yaliyokwisha kufa na kutupwa na maji. Kumchukua konokono hai ili apambe kasha ni kuimaliza miamba yetu. Sarafu zaweza kutoka majumbani: pesa za shaba za Sayyid Barghash zenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijra, reale ya Maria Theresa yenye mwaka 1780, heleri za Wadachi, na senti za Afrika ya Mashariki zilizotobolewa katikati. Ama vigae na shanga zilizomo ardhini katika mahali pa kale, hizo si zetu kuzichimba. Sheria ya kuhifadhi mambo ya kale imekuwako Unguja tangu mwaka 1927. Aonaye kitu cha namna hiyo na akiache pale pale, achore picha yake, apime hatua toka mnazi au jiwe lililo karibu, kisha amwarifu sheha, ili habari ifike kwa wenye kazi ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Picha ile na vipimo vile vyaweza kuwekwa katika kasha, navyo vina thamani kuliko wengi wanavyodhani.

Sasa tuje kwenye mbao. Hapa ndipo penye hatari ambayo maseremala wengi hawaijui, kwa kuwa katika kitanda au meza haidhuru kitu. Mbao zote, zikiwa mbichi zaidi na zikiwa kavu kidogo, hutoa mvuke mkali wa namna ya siki. Katika chumba chenye madirisha mvuke huo hupotea, lakini katika kasha lililofungwa hauna pa kwenda. Kombe la bahari limeumbwa kwa kitu kile kile kilichomo katika chokaa, na kila mwanamke apikaye ajua kwamba siki na chokaa havipatani. Matokeo yake ni kwamba kombe huanza kupoteza mng'aro, kisha huota unga mweupe kama ukungu, na mwishowe hulika. Mwaka 1899 Mwingereza mmoja, Loftus Byne, aliandika juu ya ugonjwa huo katika makabati ya watu waliokusanya makombe nchini kwao. Hakuijua barabara sababu yake, lakini jina lake limeshikamana na ugonjwa huo mpaka leo. Mti uliosababisha hasara nyingi huko Ulaya ni mwaloni, ambao kwetu si wa kawaida; lakini hakuna ubao usiotoa mvuke huo hata kidogo. Tazameni basi jambo la ajabu: mtu huunda kasha zuri, hulifunga barabara ili vumbi lisiingie, na kwa kulifunga kwake ndivyo avilavyo vitu vyake mwenyewe.

Dawa yake si kuacha kutumia mbao. Dawa ni kuchagua mbao zilizokauka sana, na kuliacha kasha lipumue. Mvule na mninga kutoka bara ni mbao njema. Mfenesi unapatikana mashambani kwetu, nao umetumika tangu zamani kwa milango na masanduku. Hukatika vizuri na rangi yake huzidi kupendeza kadiri unavyozeeka. Mwembe hatuusifu, kwa sababu bungua huupenda na hupinda upesi. Mbao zipangwe kivulini, vijiti vikiwa katikati ya ubao na ubao ili upepo upite, na kanuni ya maseremala wengi ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Asiyeweza kungoja na atafute mbao za kabati au meza iliyovunjika, maana ubao wa zamani umekwisha toa sehemu kubwa ya ukali wake. (Tusisikie lakini kwamba mtu amepasua mlango wa nakshi wa bibi yake ili apate kasha la makombe!) Mbao za tabaka zilizogandishwa kwa gundi, ambazo huuzwa rahisi madukani, zisitumike, kwani gundi yake nayo hutoa mvuke.

Kuna njia ya kuujaribu ubao, nayo wanafunzi wataifurahia. Twaeni chupa mbili zenye vifuniko vya kukaza. Katika kila moja tieni kipande kidogo cha risasi ile itumiwayo na wavuvi kuzamisha mshipi, baada ya kuikwangua hata ing'ae. Katika chupa ya kwanza tieni pia takataka za randa kutoka ubao mnaotaka kuujaribu. Katika ya pili msitie ubao. Kila chupa ipate pamba yenye matone machache ya maji. Fungeni, mweke mahali penye joto, mngoje mwezi mzima au zaidi. Ikiwa risasi iliyokaa na ubao imeota weupe na ile nyingine bado, ubao huo haufai kwa kasha la makombe. Kwa namna kama hiyo, ila kwa joto la moto na kwa madini zaidi, wataalamu wa British Museum huko London hujaribu mbao za makabati yao, kwa kufuata njia iliyoelezwa na Bwana Oddy mwaka 1973. Huyo Bwana Oddy ni mmoja wa walioandika habari za sarafu za Mtambwe tulizozitaja. Na baada ya kushika risasi osheni mikono, kwani ni sumu.

Vipimo vya kasha letu ni hivi: urefu inchi 24, upana inchi 16. Kasha la ukubwa huo laenea juu ya meza ya mwalimu, na wanafunzi wawili waweza kulichukua. Kwa ubavu twataka mbao mbili za inchi 24 na mbili za inchi 14 na nusu, zote zikiwa na unene wa robo tatu ya inchi na upana wa inchi 3 na nusu. Zile fupi zikae baina ya zile ndefu. Toboa kwanza kwa kekee, ndipo upigilie, la sivyo mfenesi utapasuka mwishoni. Misumari iwe ya shaba. Msumari wa chuma katika hewa ya Mkokotoni hauna umri. Hutoa kutu, na kutu hutia doa ubao na kitambaa. Kabla ya kukaza, pima toka pembe moja hata pembe inayoelekeana nayo, kisha pima toka pembe ya tatu hata ya nne. Vipimo hivyo viwili vikiwa sawa, kasha limekaa mraba. Visipokuwa sawa, sukuma pole pole hata vilingane. Jambo hili huchukua dakika mbili, na mtu akilipuuza atalipa siku mbili atakapoleta mfuniko.

Chini ya kasha tumia mbao mbili zenye unene wa nusu inchi, zilizolazwa kwa urefu. Usizikazanishe. Acha baina yake upenyo wa unene wa sarafu, uufunike kwa upapi mwembamba upande wa nje, na upapi huo upigiliwe kwenye ubao mmoja tu. Sababu ni masika. Ubao hunywa unyevu na kutanuka, na wakati wa kaskazi hukauka na kurudi. Usipopewa nafasi hujipasulia nafasi mwenyewe.

Mfuniko ni mbao nne za upana wa inchi mbili, zikutanazo pembeni nusu kwa nusu, maana yake kila ubao umepunguzwa nusu ya unene wake ili mwenziwe alale juu yake, na huo upande wa pili vivyo hivyo. Katika ukingo wa ndani, upande wa chini, kata kidaraja kidogo cha kukalia kioo. Tena twasema: kioo kikatwe baada ya mfuniko kumalizika, wala si kabla. Wengi hununua kioo kwanza wakidhani wamejipunguzia kazi, kisha hukaa wakichonga mfuniko ufuate kioo. Kioo kiwe pungufu kidogo kila upande, kipate nafasi ya kucheza, nacho kizuiwe kwa vijiti vyembamba vilivyopigiliwa misumari midogo. Fundi apigaye nyundo hapo aweke kipande cha kadi juu ya kioo. Mfuniko wote ufungwe kwa bawaba mbili za shaba, na mbele litiwe komeo na kufuli dogo. Usiubane sana, mfuniko ulioenea barabara mwezi wa Januari hautafunguka mwezi wa Aprili.

Ndani gawanya vyumba. Vijiti vya robo inchi, vitano kwa upande mmoja na vitatu kwa upande wa pili, vikikatwa nusu na kuingiliana kama vile mwashi apangavyo boriti, vitatupa vyumba 24, kila kimoja chapata inchi tatu na nusu hivi kila upande. Vimo vya vijiti visizidi inchi mbili, ili hewa ipite juu yake. Katika ubavu wa nyuma toboa matundu manane, manne karibu na chini na manne karibu na juu, uyazibe kwa kitambaa chembamba kilichofumwa kwa karibu. Hewa itapita, mende hatapita, na vumbi litazuiwa sehemu kubwa.

Sugua kasha kwa msasa. Mafundi wa zamani walitumia majani ya mti uitwao msasa, na palipo na mti huo bado yafaa. Vanishi ipakwe nje tu; ndani uache ubao mtupu, kwani vanishi mbichi nayo ina mvuke wake. Kisha kasha likae wazi kivulini mwezi mmoja. Twajua kwamba kungoja huku kutawaudhi vijana waliokwisha kupanga makombe yao juu ya mkeka.

Wakati wa kungoja kuna kazi nyingine. Makombe yaloweshwe katika maji baridi ya kisima, si ya bahari, na maji yabadilishwe kwa siku kadhaa mpaka chumvi itoke. Kisha yakaushwe kivulini. Chumvi iliyobaki hunyonya unyevu wa hewa na kulitesa kombe. Ama sarafu, msizisugue! Twaona watu wakizitia katika maji ya ndimu au kuzisugua kwa mchanga hata zing'ae kama dhahabu, kumbe wameondoa maandishi yaliyokwisha kudumu miaka mia na zaidi. Ipanguse kwa kitambaa kikavu, basi. Chini ya vitu tandika kitambaa cha pamba cheupe kilichofuliwa mara mbili ili wanga wake utoke.

Kila kitu kipate namba, na namba hiyo iandikwe pahali pawili: katika kikaratasi kilichomo chumbani mwake, na katika daftari la kasha. Daftari lieleze jina la kitu, mahali kilipopatikana, siku, na nani aliyekileta. Msiandike "pwani" tu. Andikeni: "Mkokotoni, upande wa kusini wa gati, maji yakiwa yametoka, juu ya mchanga." Tumieni kalamu ya risasi, kwa kuwa wino hufifia na unyevu huutawanya. Jina la mleta kitu liandikwe hata akiwa mtoto mdogo wa darasa la kwanza. Mtoto aliyeliona jina lake chini ya kioo hatakubali kasha livunjwe. Na kitu cha mtu kilichoazimwa, kama reale ya bibi, kiandikwe kuwa ni cha kuazima, na mwenyewe apewe hati yenye sahihi ya mwalimu. Magomvi mengi yametoka katika jambo hilo dogo.

Kasha liwekwe mbali na dirisha lipigwalo na jua, na mbali na ukuta unaotoa unyevu. Miguu ya meza yake isimame katika makopo yenye mafuta ya taa kidogo, ili mchwa na sisimizi wasipande. Kila mwanzo wa mwezi mwalimu na mwanafunzi mmoja walifungue, waache mfuniko juu kwa saa nzima siku isiyo na mvua, na watazame makombe moja moja mahali penye mwanga. Litakaloonekana limepoteza mng'aro au limeota unga mweupe litolewe siku ile ile, lioshwe kwa maji safi, likaushwe, na litiwe katika chupa ya kioo peke yake, namba yake ikienda pamoja nalo; kisha matundu ya nyuma yatazamwe kama kitambaa kimezibwa na vumbi.